Maswali Yenu: Kinjikitile wa Ngarambe na Kinjeketile wa Kitabuni

Barua za mwezi huu zimenifikia kwa mkupuo, na zote zinanukia Mei. Kila mwaka kidato cha sita wakikaribia mtihani, wanaokumbuka kwamba kuna mwalimu mstaafu Mikindani ambaye bado anajibu barua huongezeka ghafla. Nimezisoma barazani na kikombe cha mchaichai, mvua ikipiga bati mpaka redio ya jirani haisikiki. Nimechagua nne. Tatu ni za wanafunzi na mzazi. Moja ni ya mzee wa Kilwa anayenigombeza, nami napenda kugombezwa na watu wa Kilwa kwa sababu wanagombeza kwa mizani.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), niko Newala. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa swali: "Tamthilia ya Kinjeketile ni kioo cha jamii. Jadili." Nikaandika kwamba kioo hicho kimepinda. Kwenye Historia tumesoma kuwa Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vinachanganya, lakini kwenye tamthilia yuko hai mpaka watu wameshashindwa. Nikasema mwandishi amekosea. Nimepata sita kwa ishirini, na kwa wino mwekundu nimeandikiwa: "Hii si Historia." Nani amekosea, mimi, mwalimu au mwandishi? Halafu Mwalimu, shuleni tuna nakala mbili tu za kitabu hicho, foleni yake ni ya wiki tatu.*

Marahaba mwanangu. Nikutoe wasiwasi kwanza: tarehe zako ni sahihi. Pamba iling'olewa Nandete, kule Umatumbini, Julai 1905, na siku chache tu baadaye Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile Ngwale. Boma la Mahenge lilipovamiwa mwishoni mwa Agosti, yeye alikuwa kaburini. Kwa hiyo jicho unalo. Shida yako ni kwamba ulifika mlangoni ukageuka.

Hebu litazame jina. Mganga wa Ngarambe, wanahistoria wanamwandika Kinjikitile. Wa kitabuni ni Kinjeketile. Irabu mbili tu, lakini zikukae machoni, maana tuna watu wawili hapa. Na Ebrahim Hussein, mtunzi wa tamthilia hiyo, mtu wa pwani yetu hii hii ya kusini, aliyezaliwa mwaka 1943, hakuficha jambo hilo. Katika utangulizi anaeleza kwamba huyu wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu. Anafanana sana kwa matendo na yule wa historia, lakini si yeye.

Hapo sasa nikiri jambo. Mimi nilifundisha tamthilia hii miaka kumi na moja bila kuusoma utangulizi huo. Haukuwa uvivu. Shule niliyoanzia kazi ilikuwa na kabati lililoegemea ukuta wenye unyevu, na mchwa walipanda kutoka sakafuni wakaanza na kitabu kilichokuwa chini kabisa. Jalada lote lilikwenda, na kurasa za mwanzo, mpaka pale wahusika wanapoanza kusemezana. Nikachukulia kuwa kitabu kinaanzia hapo. Nilikipiga gamba la karatasi ya saruji, nikaandika jina kwa kalamu ya wino, nikafundisha. Mwaka mmoja kijana alisimama akaniuliza swali kama lako hili, neno kwa neno karibu. Nikamwambia akae, asituchanganyie masomo. Baadaye sana, nyumbani kwa rafiki yangu Dar es Salaam, nikaona nakala nzima rafuni. Niliusoma utangulizi nimesimama wima, mkoba ungali begani, na uso ukanichoma. Yule kijana alistahili jibu, na jibu lilikuwa tumboni mwa mchwa.

Ndiyo maana wahakiki wa zamani, kabla ya kuuliza kitabu kina maana gani, huuliza kama kilichoko mkononi mwao ni kitabu chenyewe. Huo ni uhakiki wa matini, na darasani hatuutaji kabisa, utadhani kila nakala imeshuka kutoka mbinguni. Waulize wanaosoma tenzi za kale zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Nukta ikikosekana, neno linageuka neno jingine. Nakala mbili za utenzi mmoja, hii ina ubeti ambao ile haina. Hawa hawawezi kukurupukia dhamira na ujumbe. Kwanza wakae na makaratasi.

Sasa nirudi kwenye swali. Mwalimu wako alipoandika "kioo cha jamii" alikuwa anatumia mkabala wa kihistoria, apende asipende. Baba yake mmoja ni Mfaransa wa karne ya 19, Hippolyte Taine, aliyeshikilia kwamba kazi ya fasihi inaelezwa na mambo matatu: nasaba ya mtunzi, mazingira yake na wakati wake. Tumeurithi mkabala huo tukaufupisha mpaka ukawa methali ya mtihani: fasihi ni zao la jamii. Si uongo. Ila kitabu chenye historia ndani yake kina saa mbili ukutani, na wanafunzi wengi, wewe ukiwemo, husoma moja. Saa ya kwanza ni 1905. Ya pili ni 1969, mwaka tamthilia ilipochapishwa.

Jiulize 1969 ilikuwaje. Nchi ina miaka minane tangu uhuru. Azimio la Arusha lina miaka miwili. Mwaka mmoja kabla yake, 1968, wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walikuwa wanazunguka huku kwetu na madaftari, wakiwahoji wazee waliokuwa bado wanavikumbuka Vita vya Maji Maji. Swali la wakati huo lilikuwa: watu wa makabila mengi, kila mmoja na mashaka yake juu ya jirani, wataunganishwa na nini? Rudi kwenye tamthilia uone jinsi wahusika wanavyotiliana shaka kikabila kabla maji ya dawa ya Kinjeketile hayajawakutanisha. Kioo unachokitafuta hicho hapo. Kimeelekezwa kwa waliokuwa wamekaa ukumbini mwaka 1969 kuliko kwa waliokufa mwaka 1905.

Na kwa nini amwache hai? Hili ndilo ulilopaswa kuliuliza badala ya kuandika "amekosea". Fungua onyesho la mwisho. Kinjeketile yuko gerezani, ameteswa, vita vimepotea. Anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Na kinachomkataza si kwamba angali anaamini maji yanazuia risasi, maana shaka imemwingia zamani. Anawaza watoto wa kesho wataambiwa nini juu ya babu zao. Sasa mnyonge tarehe 4 Agosti kama historia inavyotaka: nani atakuwepo baada ya kushindwa ili aulizwe swali hilo? Onyesho lote linaanguka. Mtunzi alihitaji mtu aliye hai, mwenye minyororo, mwenye shaka, anayekataa. Ule upotoshaji wa tarehe uliokukera ndio msumari unaoshika paa.

Aristotle wa Ugiriki alishasema zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita kwamba mwanahistoria husimulia yaliyotokea, mshairi yale yanayoweza kutokea. Laiti mwalimu wako angeandika hilo badala ya "Hii si Historia", ungeelewa. Wino mwekundu una kawaida ya kuwa sahihi na kutofundisha chochote kwa wakati mmoja. Nasema hivyo nikijihesabu.

Kuna mfano ninaoupenda, uko huku huku kwetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa Tendaguru, mkoani Lindi, wapagazi wakaibeba mpaka bandarini, ikapelekwa Berlin. Yule mkubwa kuliko wote alisimamishwa kwenye jumba la makumbusho mwaka 1937, na ukimwangalia kwenye picha za zamani amepinda viwiko kama mjusi anayetambaa, mkia chini. Mwaka 2007 wakamsimamisha upya: miguu imenyooka kama nguzo, mkia uko juu hewani. Mifupa ni ile ile. Waliosoma mifupa ndio waliobadilika, na waliyaona hayo ndani ya mifupa yenyewe, jinsi viungo vinavyoshikana. Mhakiki wa kihistoria naye ndivyo alivyo. Tarehe ni mifupa. Ukiwa nazo zote bado hujaona mnyama anasimamaje.

Alama? Ningekupa kumi na moja. Tarehe umeleta, ujasiri unao, lakini onyesho la mwisho hukuligusa. Umekitaja kitabu mara tisa katika insha yako na hujaonyesha sehemu hata moja iliyosemwa na mhusika. (Asante kwa kuniambatishia insha. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu.)

*Mwalimu, mimi ni mzee wa Kilwa Masoko. Nasikia siku hizi mnawafundisha watoto kuwa maneno yoyote yaliyokatwakatwa mistari ni shairi. Nakuletea jibu langu:*

*Shairi bila ya vina, ni mchuzi bila ndimu,*
*Hata ukilipa jina, haliamshi mtu hamu.*

Mzee wangu, shikamoo. Mstari wa kwanza ni safi, silabi nane na nane, nimeuhesabu kwa vidole na kwa punje za kunde. Wa pili, ukwapi, yaani nusu ya kwanza, ni mzuri. Utao, nusu ya pili, umekuzidi: ha-li-a-m-shi-m-tu-ha-mu, tisa. Andika "halimpi mtu hamu" utakuwa umetulia. Unaona basi: ukiamua kuhukumu kwa kanuni, kanuni nayo inakugeukia wewe.

Ugomvi wako una umri. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi, na kwa wengi zikawa kama msahafu. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa diwani ya Kichomi isiyofuata vina wala mizani, na wazee wenzako hawajanyamaza mpaka leo. Kuhakiki kwa kuuliza "hii ni aina gani ya utungo, na je, imetimiza kanuni za aina yake" ni mkabala wa heshima kabisa, na kwa utenzi ni lazima. Kwa shairi huru naona ni sawa na kumpima pweza kwa idadi ya mifupa. Hapo tusigombane, karibu Mikindani tule huyo pweza.

*Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni baba wa watoto wanne, nauza vifaa vya ujenzi Lindi mjini. Binti yangu yuko kidato cha nne. Nimemkuta na kitabu kinaitwa Rosa Mistika kwenye mkoba wa shule. Nimekifungua katikati nikakuta mambo ya wasichana na wanaume ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nimekifungia kwenye droo ya duka. Mama yake ananilaumu. Fasihi si kazi yake kufundisha maadili? Nikichome au nimrudishie aliyemwazima?*

Waaleikum salaam, baba. Usikichome, hasa kama ni cha kuazima. Na nisikufiche, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikicheka kidogo, na utajua sababu ukikifungua kitabu hicho mwanzoni badala ya katikati.

Mwanzoni kuna baba. Anaitwa Zakaria, anaishi Ukerewe, ana mabinti kadhaa na anawalinda kwa fimbo. Rosa, mkubwa, anapata barua kutoka kwa kijana. Baba anaigundua. Kipigo anachomshushia mtoto kwa ajili ya kipande kile cha karatasi ni kati ya kurasa ngumu za Kiswahili ninazozijua, na mpigaji mwenyewe ni mlevi. Baadaye Rosa anaondoka nyumbani kwenda kusoma mbali na fimbo, na hapo ndipo yanapokuja yale uliyoyakuta katikati. Mwisho wake si mwema. Kwa hiyo kitabu ulichokifungia ni kitabu juu ya baba aliyekuta karatasi kwenye vitu vya bintiye. Sisemi wewe ni Zakaria. Wewe umeandika barua kuuliza; yeye hakuuliza mtu.

Kitabu kilitoka mwaka 1971, na kweli kuna wakati kilizuiwa shuleni kwa sababu hizo hizo zako. Huko peke yako hauko. Plato, mwalimu wake Aristotle, alitaka washairi watolewe katika mji wake bora kwa kuwa wanachochea tamaa na kuiga mambo yasiyofaa. Mwanafunzi wake akamjibu kwamba kulia na kuogopa mbele ya tamthilia kunamsafisha mtazamaji, hakumchafui. Horace wa Roma naye akasema mshairi anafunza na anaburudisha. Ukimuuliza mtoto yeyote wa kidato cha nne dhima za fasihi atakuanzia "kuelimisha, kuburudisha, kuonya", bila kujua kwamba anamnukuu Mroma aliyekufa kabla ya Nabii Isa. Mkabala wa kimaadili ndio mkongwe kuliko mikabala yote, na mimi siudharau. Nimeona watu wakiacha pombe kwa sababu ya wimbo.

Ninachoudhika nacho ni ule udogo tulioupa. Tumewafundisha watoto kusoma kitabu kama mtu anayemenya korosho: choma, gonga, toa kokwa, tupa ganda. Kokwa ni "ujumbe". Mwandishi anatufunza kwamba wazazi wawalee watoto vizuri, nukta, alama mbili. Bibi yangu, Mmakonde wa kando ya Ruvuma, alitupigia hadithi za sungura usiku mpaka kuni zikaisha. Sungura alidanganya, akaiba, akaponyoka, akacheka. Hadithi ikiisha, imeisha. Nilipoanza shule nikarudi nikamuuliza, "Bibi, na funzo lake nini?" Akanitazama kama nimemuuliza bei ya mwezi. Akasema, "Kalale." Hilo swali la funzo nililitoa darasani, si kwake.

Na tuseme ukweli, baba, sisi watu wa huku. Mabinti zetu wanaingia unyagoni. Anayoyasikia mtoto kwa nyakanga na kwa somo wake, kwa nyimbo na kwa vitendo, ni ya wazi kuliko ukurasa wowote ulioufungia na risiti zako, na hakuna anayesema ngoma ichomwe. Tunaelewa kwamba pale jambo linatajwa ili mtu alijue kabla halijamkuta, tena linatajwa na mtu mzima aliyekaa naye. Tofauti ya kitabu ni hiyo moja tu: binti yako alikuwa anakisoma peke yake.

Basi kisome wewe kwanza. Hakizidi siku mbili kwa mtu mwenye duka, soma wateja wakipungua mchana. Ukifika mwisho ndiyo umhukumu mwandishi kwa maadili, na una haki hiyo. Ukimaliza mrudishie mtoto, umuulize kosa lilianzia wapi. Usimwambie wewe. Kuna nafasi kubwa atakujibu jambo ambalo halitakufurahisha, na mama yake atakuwa jikoni anasikiliza.

*Mwalimu, niko chuo cha ualimu, Mtwara. Mkufunzi ametuambia kwamba mwandishi amekufa. Nikauliza amekufa lini, darasa zima likacheka. Naomba unieleze kwa siri.*

Haitakuwa siri tena, lakini jina lako sikulitaja. Aliyetangaza kifo hicho ni Mfaransa Roland Barthes, mwaka 1967, na hakuwa na mtu maalumu mochwari. Alikuwa anaupiga vita mkabala wa wasifu, ule unaosoma kitabu kwa kumtafuta mtunzi: alizaliwa wapi, alimpenda nani, aliumwa nini. Bingwa wake alikuwa Sainte-Beuve, karne ya 19, ambaye kwake kazi na mtunzi ni kama tunda na mti wake. Kabla ya Barthes, Wamarekani wawili, Wimsatt na Beardsley, waliandika mwaka 1946 kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha shairi: hatuijui vizuri, na hata tukiijua, shairi lisiposimama lenyewe nia haitalisimamisha.

Mimi mti na tunda vinanichekesha kidogo nikiwa huku kwenye mikorosho. Bibo ndilo linaloonekana kama tunda, jekundu, tamu, tunalikamua uraka. Mbegu inayouzwa imening'inia nje, chini, kama imesahauliwa. Mtu asiyeujua mkorosho atachukua bibo aache korosho.

Mchukue Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akianzia forodhani. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, Waingereza wangali wanatawala. Ndani yake kuna nchi inayoelea angani, Karama yuko mahakamani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, mshitaki wake anaitwa Majivuno, naye Karama anajitetea kwa visa vya wajumbe sita walioitumikia nchi yao wakalipwa mateso. Usipojua chochote juu ya mtunzi utaona hadithi nzuri ya uonevu. Ukijua kwamba aliyeiandika alikuwa kila asubuhi anakwenda kukaa kwenye meza ya mkoloni, utaelewa kwa nini nchi imepelekwa angani. Wasifu umekusaidia hapo. Lakini ukitaka kujua kwa nini Karama anashinda kwa kusimulia visa na si kwa kuwatukana, wasifu hauna jibu, fungua kitabu.

Na usidhani ni mambo ya Wafaransa. Nenda kwenye ngoma yoyote ya harusi hapa Chikongola. Mwimbaji akitupa fumbo, shingo zote zinageuka: nani huyo anayepigwa? Huo ni mkabala wa wasifu, mtupu, bila cheti. Kesho yake mwimbaji akiulizwa anaapa, "Mimi nimeimba tu, kila mtu na lake." Huyo naye ameshamuua mwandishi kabla ya Barthes. Na aliyefumbwa anajua kafumbwa.

Ukitaka zoezi, utafute Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1957. Usome kwanza kama utenzi, mizani minane, vina vyake. Halafu ndipo ujiulize: huyu ni mwanachuoni wa mji wa pwani, hakung'oa pamba Nandete, anavitazama vita akiwa amesimama wapi? Uusome siku moja na Kinjeketile. Mkufunzi wako akikuuliza umesoma kwa mkabala gani, mwambie umeanza na ubeti wa kwanza.

Mwanangu wa Newala, sijakusahau. Nimempa konda wa basi la asubuhi bahasha ya kaki iliyoandikwa "Mwanafunzi, HKL" na jina la shule yenu. Nauli ya mzigo nimelipa, asikutoze tena. Ndani mna Kinjeketile. Kasome na wenzako, uirudishe mkimaliza mtihani. Utangulizi upo, na kurasa zote nimezihesabu kabla ya kufunga.